Namna ya Kulizuia Gari Kuukuu Lisichemshe kwenye Foleni Wakati wa Kaskazi

Kuanzia Disemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapotawala na joto la mchana likafika nyuzi 32 au 33 kivulini, magari mengi makuukuu ya Unguja huanza kutoa maradhi yaliyojificha wakati wote wa kusi. Gari linatoka Bububu au Fuoni asubuhi likiwa zima kabisa, lakini likifika Darajani au Mwanakwerekwe na foleni ikasimama, sindano ya joto inaanza kupanda taratibu, na dereva anabaki kuitazama hiyo kuliko anavyoitazama njia. Kwa kuwa katika miaka hii Ramadhani imeangukia miezi hiyo hiyo, foleni ya baada ya alasiri, pale kila mtu anapotaka kupita sokoni na kufika nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, ndiyo inayoyaumbua magari mengi kuliko safari ndefu ya kwenda Makunduchi.

Hatua zilizomo humu zimepangwa kwa kuanza na zile zisizogharimu kitu na kumalizia na zile zinazohitaji fundi. Ni vyema zifuatwe kwa mpangilio huo, kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayochemsha hayana ugonjwa wa gharama.

Kwanza jua gari linachemsha likiwa wapi

Injini hupozwa na vitu viwili vinavyopokezana kazi. Maji yanayozunguka ndani yake hulichukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, na hapo upepo unaopita baina ya vibati vyembamba vya rejeta hulichukua joto hilo na kulitupa nje. Gari likiwa mwendoni, upepo unakuja wenyewe. Likisimama, upepo wote unaopita kwenye rejeta ni ule unaovutwa na feni tu, na kama feni ni dhaifu basi hata rejeta mpya haitasaidia kitu.

Likichemsha kwenye foleni na likapoa ndani ya dakika chache baada ya kushika mwendo, kwa mfano ukishapita Mtoni kuelekea shamba, maana yake ni kwamba maji yanazunguka vizuri na kinachokosekana ni upepo. Likichemsha mwendoni, khasa likiwa na mzigo au likipanda vilima vya barabara ya Chake Chake kwenda Wete, na likatulia ukipunguza mwendo, basi upepo upo na kasoro iko kwenye maji: rejeta iliyoziba ndani, themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto) isiyofunguka yote, pampu iliyoliwa mapanga, au mkanda unaoteleza. Likichemsha kote kuwili, aghalabu maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani, au gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya hedi (kipande cha juu cha injini) na injini yenyewe, imeungua.

Tofauti hii inasisitizwa kwa sababu gereji nyingi hufungua rejeta ya kila gari linalochemsha, zikaisafisha, na kumrejeshea mwenyewe gari kwa maelezo kwamba rejeta ilikuwa imeziba. Rejeta huziba kweli, lakini kwa gari linalochemsha foleni pekee, rejeta iwe mshukiwa wa tatu au wa nne, si wa kwanza.

Hatua ya kwanza: tazama maji injini ikiwa baridi

Fanya kazi hii asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto hata kama una haraka kiasi gani, kwa sababu maji yaliyomo ndani yamebanwa kwa mgandamizo na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila ya kuchemka. Ukikilegeza kifuniko mgandamizo unaondoka, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke huo pamoja na maji ya moto vinakurukia usoni na mikononi.

Rejeta ijae hadi shingoni. Chupa ya akiba iliyo pembeni iwe baina ya alama ya chini na alama ya juu. Hivi viwili huangaliwa pamoja, wala kimoja hakitoshi: chupa ikiwa imejaa lakini rejeta imepungua, kifuniko hakirudishi maji au mpira mdogo unaounganisha viwili hivyo umepasuka na unavuta hewa. Watu wengi huitazama chupa peke yake kwa kuwa ni rahisi kuiona, na gari likaendelea kuchemsha huku chupa imejaa tele.

Rangi ya maji nayo itazamwe. Yakiwa ya kutu, mfumo umekaa muda mrefu bila ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Yakiwa na utando wa mafuta unaoelea juu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya pili: acha kutia maji ya kisima

Hapa ndipo magari ya visiwani yanapoharibiwa taratibu bila ya mwenyewe kujua. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja ni mawe ya matumbawe, na maji yanayopita katika mawe hayo huchukua chokaa. Karibu na pwani huongezeka na chumvi. Birika la nyumbani linaonesha matokeo yake: ule ukoko mweupe unaoganda chini yake ndio huo huo unaoganda ndani ya mirija ya rejeta na katika njia za maji za injini, mahali ambapo hakuna wa kuukwangua. Ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye chuma kuingia kwenye maji, na huku chumvi ikiila alumini ya hedi na ya nyumba ya pampu.

Maji yanayofaa ni yale yasiyo na madini. Madukani yapo maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa kwa ajili ya kuongezea betri, lakini soma chupa kwa makini kabla ya kulipa, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa katika maduka hayo hayo na wakati mwengine katika chupa zinazofanana. Badala yake ni maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi baada ya mvua ya mwanzo kuosha paa. Anayeishi mahali penye tangi la mvua hana sababu ya kutia maji ya kisima kwenye gari. Maji ya kunywa ya chupa ni bora kuliko ya kisima, ila nayo yana madini yake, kwa hiyo yatumike njiani unapokuwa huna budi na si kwa mazoea.

Maji peke yake, hata yakiwa safi namna gani, hayatoshi. Kulanti inahitajika kwa sababu mbili: ina dawa za kuzuia kutu na kulainisha muhuri wa pampu, na huongeza kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka. Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu na kwamba huku kwetu ni kupoteza fedha. Hoja hiyo inasahau kutu. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kuitia kulanti nzito bila ya kuichanganya wakidhani ndiyo itapoza zaidi, ilhali maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti na injini iliyotiwa kulanti tupu hupata joto zaidi. Kwa kulanti ya kuchanganya, nusu kwa nusu ndicho kipimo cha kawaida, na katika hali ya hewa yetu isiyo na baridi hata theluthi moja ya kulanti kwa theluthi mbili za maji hulinda vya kutosha. Kama dumu limeandikwa kwamba imeshachanganywa, itie kama ilivyo. Usichanganye aina mbili usizozijua, kwa sababu rangi haikuhakikishii kwamba dawa zake zinapatana, na zisipopatana hutoa uji unaoziba mirija.

Kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu. Ikimwagika isiachwe ardhini, kwani paka na mbuzi wa mtaani wataiendea, na iliyobaki isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto anaweza kuinua.

Hatua ya tatu: ipime feni

Kwa gari linalochemsha foleni, hapa ndipo pa kutumia muda wako. Magari madogo mengi, kama vile Corolla, Carina na RAV4, yana feni ya umeme. Liwashe gari, zima kiyoyozi, liache likinguruma mahali palipo wazi na utazame. Sindano ikifika karibu na katikati na kukaa kidogo, feni inapaswa kuanza kuzunguka yenyewe, ikazunguka kwa dakika moja au mbili, ikazima, kisha ikaanza tena. Katika magari mengi huwaka maji yanapofika baina ya nyuzi 90 na 100. Sindano ikiendelea kupanda na feni iko kimya, mgonjwa umeshampata.

Kabla ya kununua mota, tenganisha lawama. Washa kiyoyozi: katika magari mengi kukiwasha kiyoyozi kunailazimisha feni kuzunguka, hivyo feni ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isizunguke kwa joto, mota ni nzima na tatizo ni swichi ya joto au waya zake. Angalia kwanza kama gari lina feni moja au mbili, kwani katika mengine feni ya kiyoyozi ni nyengine kabisa. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kuna njia nyepesi zaidi. Swichi ya joto ya feni, ambayo huwa chini ya rejeta au karibu na themostati, hukata umeme inapopata joto; basi ukichomoa plagi yake huku swichi ya gari imewashwa, feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Ikizunguka, badilisha swichi. Isipozunguka, fuata fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme inayoipelekea feni umeme), kisha mota yenyewe. Magari ya kampuni nyengine aghalabu hufanya kinyume, yaani swichi huunganisha inapopata joto, kwa hiyo usiunganishe waya kwa kubahatisha.

Mota inayosita mpaka igongwe kidogo na mpini wa bisibisi imekwisha kaboni, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Fundi wa umeme mwenye subira anaweza kubadilisha kaboni hizo, na mota ikaishi miaka mingine.

Feni kuzunguka si hoja ya mwisho. Ikiwa inazunguka, chukua karatasi moja ya daftari la skuli na uiweke mbele ya rejeta, upande wa grili, kisha uiachie. Karatasi inatakiwa kunaswa na kubaki imegandamana. Ikianguka, feni haivuti vya kutosha. Ikisukumwa kukuelekea wewe, feni inazunguka kinyume, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyodhani pale mota inapobadilishwa na waya mbili zikageuzwa. Gari la namna hiyo linapigana na upepo wake lenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilisha rejeta na pampu bila ya kupata nafuu.

Mafundi wengi huitibu feni isiyowaka kwa kuiunganisha moja kwa moja na swichi ya gari ili izunguke wakati wote. Kwa kumaliza wiki si vibaya, mradi waya iwe nene ya kutosha, na fyuzi na rilei viwepo. Bila ya hivyo, waya itapata moto, na joto la injini litakuwa si shida yako kubwa tena. Lakini kama ni tiba ya kudumu sikubaliani nayo, kwani mota inayozunguka saa zote hufa mapema, na hufa siku ya foleni.

Magari ambayo injini imelala kwa urefu, kama vile Suzuki Escudo za zamani, Hiace na Land Cruiser, yana feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini, toa ufunguo, kisha izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa ikaze kidogo na kusimama mara tu unapoiachia. Ikizunguka mizunguko kadhaa bila ya upinzani, mafuta yamevuja na klachi imekufa. Aghalabu utaona alama nyeusi ya mafuta iliyoshika vumbi katikati ya feni.

Hatua ya nne: ifungulie njia ya upepo

Mbele ya rejeta huwa pana rejeta nyengine nyembamba, ile ya kiyoyozi. Baina ya mbili hizo hukusanyika mchanga, majani, wadudu na hata mabaki ya mifuko, vitu ambavyo haviwezi kuonekana kwa kutazama tu kutoka mbele. Legeza bolti za juu, zitenganishe kidogo, kisha osha kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Mashine za nguvu za kuoshea magari hulaza vibati vyote na kuziba njia kabisa, hivyo zisitumike hapo.

Baada ya kukauka, pitisha kidole taratibu juu ya vibati. Hewa ya chumvi huvila, zaidi katika magari yanayolala karibu na pwani, kiasi kwamba vinabaki vimesimama kwa sura lakini vikiguswa vinamomonyoka unga. Rejeta ya aina hiyo inaweza kuwa haivuji hata tone, mirija yake ikawa safi, na bado isiweze kutoa joto. Haina tiba isipokuwa kubadilishwa. Rejeta zenye vichwa vya plastiki zitazamwe pia rangi: plastiki iliyokuwa nyeusi ikageuka hudhurungi imeshakuwa kavu, na itapasuka wakati wowote.

Kisha litazame kava linaloizunguka feni. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba upepo unaovutwa na feni unapita katika rejeta nzima badala ya kuzungukia pembeni na kurudi pale pale. Mara nyingi kava hili hutolewa gereji wakati wa kubadilisha mkanda, likaonekana ni plastiki lisilo na maana, na likaachwa nyuma ya mlango. Mwendoni gari halitaonesha tofauti yoyote. Kwenye foleni litachemsha. Kama gari lako halina, litafute la gari kama hilo kwa wauza vipuri vilivyotumika, na ufunge pia zile sponji zinazoziba nafasi za pembeni.

Hatua ya tano: kifuniko, mipira na mkanda

Kifuniko cha rejeta ni kipuri cha bei ndogo kinachodharauliwa. Juu yake huandikwa namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ni kiasi cha mgandamizo kinachoubakisha ndani. Maji matupu yaliyobanwa kwa 0.9 huchemka karibu na nyuzi 118 badala ya 100, na kwa kifuniko kilichochoka unapoteza nafasi hiyo yote. Nunua chenye namba ile ile iliyotoka kiwandani. Kikubwa zaidi hakipozi zaidi, kinapasua mipira. Mpira wa rejeta unaonywea na kubanana gari likipoa unakwambia kwamba vali ndogo ya katikati ya kifuniko imekwama.

Mipira ibinywe ikiwa baridi: iliyokuwa migumu na inayotoa mlio wa kukatika, au iliyovimba karibu na klipu, ibadilishwe. Mkanda ukiwa unang'aa upande wa ndani au una nyufa, ubadilishwe. Pampu inayotoa tone kwenye kitundu chake cha chini au inayotikisika ukishika puli, imekwisha.

Hatua ya sita: rejesha themostati

Katika visiwa hivi, na bara pia, kuna mazoea ya kuitoa themostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na kifaa hicho kinazuia maji. Hoja hiyo inaonekana ya maana mpaka uitazame injini yenyewe. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina vali mbili: ya mbele hufungua njia ya rejeta maji yanapofika karibu nyuzi 82, na ya nyuma, kile kisahani kidogo, hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila ya kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila ya kuiona rejeta. Kwa maneno mengine, dawa iliyotolewa kwa ajili ya kupoza inachangia kuchemsha. Mbali na hilo, asubuhi injini huchukua muda mrefu kupata joto lake, ikala mafuta zaidi na kujisaga yenyewe.

Kuipima ni kazi ya jikoni, ila kwa sufuria ambayo haitapikiwa tena. Ining'inize themostati kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, na uyapashe moto polepole. Utaiona inaanza kufunguka maji yanapokaribia joto lililopigwa muhuri juu yake, na kabla ya maji kuchemka sawasawa iwe wazi kabisa. Ikikwama au kufunguka nusu, nunua nyengine yenye joto lile lile. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza katika ukingo wake kikae juu, kwa kuwa ndicho kinachopitisha hewa.

Mwambie fundi kabla hajaanza kazi: "Fundi, themostati nataka irudi, na ikiwa mbovu nitanunua mpya." Ukingoja mpaka injini imeshafungwa, utajibiwa kwamba gari linakwenda vizuri bila yake.

Hatua ya saba: toa hewa

Kila maji yanapomwagwa na kujazwa upya, hewa hubaki ndani, na povu moja lililokaa kwenye hedi linatosha kulichemsha gari ambalo kila kitu chake ni kipya. Magari ambayo injini iko chini ya viti, kama Hiace, ndiyo yenye usumbufu zaidi kwa sababu mabomba yake ni marefu. Liegeshe gari mahali penye mwinuko, pua ikiwa juu. Fungua hita mpaka mwisho wa joto. Jaza maji polepole kifuniko kikiwa wazi. Washa injini na uiache mpaka themostati ifunguke, huku ukibinya mpira wa juu kwa kitambaa na kuongeza maji kila yanaposhuka. Mapovu yakikoma, funga. Kesho yake asubuhi tazama tena, kwani karibu kila mara yatakuwa yameshuka kidogo.

Namna ya kuendesha ndani ya foleni

Sindano za magari mengi zimetengenezwa zikae katikati kwa kipindi kirefu cha joto ili zisimtie dereva wasiwasi, kwa hiyo ikivuka katikati hata kwa unene wa ukucha, joto limeshapanda sana. Vitz na baadhi ya magari madogo hayana sindano kabisa. Yana taa ya buluu ya injini baridi na nyekundu ya hatari, na nyekundu ikiwaka muda wa kufikiri umeshapita.

Acha nafasi baina yako na daladala lililo mbele, kwani ukiligandia, feni yako inavuta moshi wa moto kutoka kwake. Zima kiyoyozi mara sindano inapotingishika, kwa sababu rejeta yake iko mbele ya rejeta ya maji na hupasha joto upepo kabla haujafika. Foleni ikisimama kwa muda, weka gia huru. Katika gari la otomatiki hili lina faida ya ziada, kwani mafuta ya gia katika magari mengi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Kama feni yako inazungushwa na injini, kanyaga mafuta kidogo hadi mizunguko 1,500 au 2,000 ili feni na pampu ziongeze kasi.

Sindano ikizidi kupanda, shusha vioo vyote, fungua hita hadi mwisho na uweke kipepeo chake kasi ya juu. Kwa aliyefunga, ndani ya gari saa kumi alasiri, hiyo ni adhabu kamili. Lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na mara nyingi huishusha sindano vya kutosha kukufikisha pembeni ya njia. Hita ikitoa upepo wa baridi wakati sindano iko juu, maji hayamo au hayazunguki, na injini izimwe hapo hapo. Izimwe pia ikiwa sindano iliyokuwa juu imeshuka ghafla bila ya sababu: huenda maji yamekwisha kabisa na sensa imebaki kwenye hewa.

Likishachemsha

Egesha, washa taa za hatari, zima injini, inua boneti kwa tahadhari, kisha ngoja. Nusu saa ni kiwango cha chini. Kwenye jua la mchana ifanye dakika 45. Usimwagie injini maji baridi kwa nje na usiruhusu mpita njia mwenye huruma afanye hivyo, kwa kuwa hedi ya alumini ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Mpira wa juu ukishikika kwa mkono bila ya kuunguza na ukibinyika, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, kizungushe hadi kituo cha kwanza, acha mvuke utoke, ndipo ukifungue chote. Tia maji kidogo kidogo. Dumu la lita tano lenye maji safi likae nyuma ya gari msimu wote wa kaskazi. Maji ya bahari hayatiwi hata kama umekwama ufukweni; na ikiwa mtu ameshayatia, mfumo usafishwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Gari lililochemsha sana lisichukuliwe kuwa limepona kwa sababu tu limewaka. Ichomoe kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, iwashe kifuniko kikiwa wazi na utazame. Mapovu yasiyokoma yanayopanda tangu dakika ya kwanza ni hewa ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi. Mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili tangu kuwasha, kabla maji hayajapata joto, unasema jambo hilo hilo, na kadhalika moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto. Ukipata dalili moja ya hizi, gari lisitembezwe tena, na fundi atakayeifungua hedi aipeleke kupimwa unyoofu kabla ya kuweka gasketi mpya, kwa sababu gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda huungua tena.

Kama hakuna dalili yoyote, weka alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba mahali maji yalipo injini ikiwa baridi, na uitazame kila asubuhi kwa wiki moja. Yakishuka chini ya alama bila ya kuonekana unyevu chini ya gari wala kwenye zulia la mbele upande wa hita, mpe fundi aupime mfumo kwa pampu ya mgandamizo kabla hujaingia tena kwenye foleni ya Darajani.